Draiva ya diski inazingua leo, kesho iko poa: kusaka resi kwa kufuata dalili

Mashine inaganda mara mojamoja, ukiigusa inajifanya nzima. Diski ya nje ukiichomoa kerneli (kiini cha Linux) inaanguka, ukirudia mbele ya mteja haianguki. Faili limeandikwa vizuri kabisa ila ukilifungua baadae katikati kuna kipande ambacho si chake. Malalamiko ya namna hii ni ya kila wiki hapa Mwanza, kuanzia mafundi wa Makoroboi mpaka vijana wa vyuo kule Nyegezi wanaoandika draiva (programu za kuendesha vifaa) za projekti zao, na siku hizi kila mtu jibu lake ni moja, "hiyo ni resi tu". Mara nyingi siyo. Na ikiwa ndiyo kweli, wengi wanaitibu kwa msleep (amri ya kusubiri kidogo), alafu inarudi mvua ikianza.

Tukubaliane kwanza tunaongelea nini. Resi ni pale njia mbili za msimbo, labda CPU mbili, labda uzi wa kawaida (kazi moja inayoendelea) na intarapti (kifaa kikiikatiza CPU kuomba huduma), zinagusa data ileile bila utaratibu, na matokeo yanategemea nani katangulia. Chukua makarani wawili pale Mwaloni Kirumba wanaojazia daftari moja la dagaa: wote wanasoma jumla ni kilo 400, mmoja anaongeza 30 anaandika 430, mwenzake anaongeza 50 anaandika 450, na zile 30 zimepotea bila mtu kuiba. Ndani ya draiva kinachopotea kinaweza kuwa bendera (alama ya ndiyo au hapana) moja ya "kifaa kimeondolewa", na hapo ndo kilio kinapoanzia.

## Kabla hujasema ni resi

Umeme kwanza. Watu wanawasha Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) kwa chaja ya simu alafu wanaichomekea SSD ya nje mgongoni, sasa hapo unategemea nini. Andika `vcgencmd get_throttled`, jibu likiwa `0x0` endelea, likiwa kitu kama `0x50000` ujue umeme ulishuka tangu iwashwe, tafuta adapta ya maana kabla ya kufungua hata mstari mmoja wa msimbo.

Ya pili kebo na diski yenyewe. `smartctl -a /dev/sda`, tazama namba 199, UDMA_CRC_Error_Count: ikiwa inapanda ni kebo au soketi, na mashine inayokaa karibu na maji angalia pini, kutu inafanya kazi yake taratibu. Namba 5 na 197 zikipanda, diski inakufa. Hapo simama. Usipige fsck (ya kukarabati mfumo wa faili), usijaribu draiva nyingine, usiiwashe na kuizima. Toa nakala nzima kwa ddrescue kwenda diski nyingine, na kama data ni ya hela au ya wagonjwa na hamna bekapu, izime umpelekee mtu anayefanya kazi ya kurudisha data, maana kila dakika inayozunguka unapunguza kitakachookolewa.

Ya tatu RAM, memtest86+ ilale nayo usiku kucha. RAM mbovu inaigiza resi vizuri kuliko resi yenyewe.

Vyote vikiwa safi, washa kerneli na `maxcpus=1` ufanye kazi ileile. Tatizo likipotea una sababu ya kushuku resi ya CPU mbili, ni shaka tu lakini, siyo hukumu, kwasababu kasi yenyewe imebadilika. Lisipopotea bado inaweza kuwa resi, maana hata kwenye CPU moja intarapti inaingia katikati ya kazi muda wowote.

## Dalili: diski zinabadilishana majina, jana sda leo sdb

Hii ndo inaripotiwa kuliko zote na ndo nyepesi kuliko zote. Kerneli inazitambua diski kwa pamoja bila kusubiriana, inayojibu haraka inachukua jina la mbele, kwahiyo ukiandika `/dev/sdb1` kwenye fstab (orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka) unacheza bahati nasibu. Hamna draiva ya kurekebisha hapo. Chukua UUID (kitambulisho kisichobadilika na mpangilio) kwa `blkid`, weka hiyo kwenye `/etc/fstab`, na diski ya nje iongezee `nofail` ili isipokuwepo mashine iwake tu.

Ndugu yake wa karibu ni skripti inayogawa diski alafu mstari unaofuata inafomati `/dev/sdb1` na kuambiwa hamna faili hilo. Kerneli imeshaiona ila udev, inayotengeneza mafaili ya `/dev`, bado haijamaliza. Weka `udevadm settle` katikati. Watu wanaweka `sleep 5`, na inakubali, mpaka siku mashine imezidiwa.

## Dalili: mashine inaganda, logi inasema "blocked for more than 120 seconds"

Hapa tukae kidogo, maana sababu ni nyingi na zinafanana.

Mara nyingi kabisa ni adapta ya USB kwenda SATA isiyoelewana na UAS. UAS ni njia ya kuongea na diski za USB, inatuma amri nyingi kwa pamoja na adapta nyingine zinachanganyikiwa. Logi ya Pi iliyokuwa inarekodi mzani huko Kirumba ilikuwa hivi:

```
sd 0:0:0:0: [sda] tag#7 uas_eh_abort_handler 0 uas-tag 8 inflight: CMD OUT
scsi host0: uas_eh_device_reset_handler start
usb 2-1: reset SuperSpeed USB device number 2 using xhci_hcd
```

Soma mstari wa kwanza taratibu. Amri namba 7 ya kuandika imetumwa, sekunde 30 zimepita (ndo muda wa kawaida wa SCSI, lugha ya amri za diski, upo kwenye `/sys/block/sda/device/timeout`), kerneli imechoka inataka kuifuta, alafu inaishia kuriseti kifaa kizima. Ukiona hayo matatu yanafuatana, chukua namba za kifaa kwa `lsusb`, ongeza `usb-storage.quirks=AAAA:BBBB:u` kwenye mstari uleule mmoja wa cmdline.txt (Pi za saivi iko `/boot/firmware/`), washa upya. Spidi inashuka kidogo ila inatulia. Kosa liko ndani ya adapta hapo, kerneli haina hatia, na kuongeza ule muda uwe 120 ni kuahirisha tu.

Inayofuata ni intarapti iliyopotea. Kwenye NVMe (SSD za PCIe) utaona "timeout, completion polled". Maana yake diski ilishajibu zamani, jibu liko mezani, ila hakuna aliyekuja kugonga mlango, mpaka taimauti ilipoenda kuchungulia yenyewe. Apdeti BIOS na femwea ya diski kwanza. Ikiendelea, tazama `/proc/interrupts` kama hesabu ya intarapti za foleni ya diski hiyo inapanda au imesimama.

Baada ya hapo ndo tunaingia kwenye draiva yenyewe, na kama ni ya kwako au ni pachi ya mtu, mtuhumiwa wa kwanza ni loki (kufuli la data, anaingia mmoja mmoja) iliyoshikwa bila kuzima intarapti. Uzi wa kawaida umeshika `spin_lock`, intarapti inaingia kwenye CPU hiyohiyo, handla (msimbo unaojibu intarapti) nayo inataka loki ileile, inazunguka kumsubiri mtu ambaye hawezi kuendelea mpaka yenyewe iondoke. Umeganda milele. Data inayoguswa na handla ya intarapti, upande wa uzi wa kawaida tumia `spin_lock_irqsave`, hamna mjadala.

Mtuhumiwa wa pili ni loki mbili zinazoshikwa kwa mpangilio tofauti, njia moja A alafu B, nyingine B alafu A. Hii usiisake kwa macho. Kompaili kerneli na `CONFIG_PROVE_LOCKING`, hiyo ndo lockdep, ipo tangu 2.6.18 ya mwaka 2006 na uzuri wake ni kwamba haisubiri mashine igande, ikiona mpangilio umepishana hata mara moja tu inapiga kelele "possible circular locking dependency detected" na inakuonyesha njia zote mbili. Ongeza na `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, itakukamata ukiita kitu kinacholala, mfano `kmalloc` yenye GFP_KERNEL, huku umeshika spinloki.

Wa tatu ni completion (kitu cha kusubiria jibu) iliyotayarishwa kwa kuchelewa. Unaiambia diski "anza", alafu ndo unaita `reinit_completion`. Diski ya zamani ilikuwa inachelewa kujibu kwahiyo ilipita miaka bila mtu kujua, leta SSD ya kisasa, inajibu kabla hujageuka, unafuta jibu lake, unabaki unasubiri kitu kilichokwisha kuja. Tayarisha kwanza, amri baadae.

Mashine ikiwa imeganda na bado ssh inajibu, usiizime kwanza. `echo w > /proc/sysrq-trigger` inakutolea kwenye dmesg (logi ya kerneli) nyuzi zote zilizokwama na zimekwama kwenye fanksheni gani, na kwenye `/sys/kernel/debug/block/` ingia jina la diski yako, kila hctx (foleni ya diski) ina faili la `busy` linaloonyesha maombi ambayo hayajarudi. Ukishaizima ushahidi wote umekwenda na maji.

Onyo: ikiwa mashine iko kwenye RAID na diski mbili zinatoka na kurudi, acha kabisa kuilazimisha ijijenge upya. Ita mtu wa seva.

## Dalili: kerneli inaanguka ukichomoa diski au ukiondoa draiva

Kwanza swali la kawaida, uliumount? Kama hukuumount na ukapata makosa ya faili tu bila kerneli kuanguka, hiyo ni haki yako. Kerneli kuanguka ndo tatizo, kwasababu draiva nzuri inatakiwa kustahimili hata mtoto akipita na kebo.

Sababu inayoongoza ni memori kuachiwa wakati bado kuna mtu anaitumia: taimaa inayokuja kuamka, kazi iliyopangwa kwenye workqueue (foleni ya kazi za baadae), au handla ya intarapti inayoendelea CPU nyingine. Kompaili na KASAN (mkaguzi wa memori wa kerneli), kuna siku itakuandikia "slab-use-after-free" na itakupa vitu vitatu, nani kagusa, nani aliiomba, nani aliiachia. Mara nyingi ukisoma hivyo vitatu umemaliza.

Dawa ni mpangilio wa kufunga duka. Mfano wa draiva ya PCI, majina ya kifaa ni ya kubuni:

```
static void kifaa_remove(struct pci_dev *pdev)
{
    struct kifaa *k = pci_get_drvdata(pdev);

    del_gendisk(k->disk); /* maombi mapya basi, ya zamani yaishe */
    kifaa_zima_intarapti(k); /* kwenye rejista ya kifaa */
    free_irq(k->irq, k); /* inasubiri handla iliyoko ndani itoke */
    timer_shutdown_sync(&k->saa);
    cancel_work_sync(&k->kazi);
    blk_mq_free_tag_set(&k->tags);
    put_disk(k->disk); /* k inaachiwa ndani ya free_disk */
}
```

Kwanini hivyo? Handla inapanga kazi, kwahiyo ukifuta kazi kabla ya kuondoa intarapti, handla itapanga nyingine nyuma yako. Taimaa na kazi nazo zinaweza kuwa zinaamshana, taimaa inapanga kazi, kazi inawasha taimaa, ukizima mmoja mwenzake anamfufua, ndo maana hapo kuna `timer_shutdown_sync` ambayo ikishaitwa taimaa haikubali kuwashwa tena (ipo kuanzia 6.2). Na `k` yenyewe haiachiwi palepale kwasababu kuna programu inaweza kuwa bado imefungua `/dev` yako, mwache wa mwisho kutoka ndo azime taa.

Kitu kimoja kinachosumbua wengi: ulitumia `devm_request_irq` ukidhani umeokoa kazi, alafu kwenye remove unaita `kfree(k)`. Vitu vya devm, ambavyo kerneli inaviachia yenyewe, vinaachiwa *baada* ya remove kurudi. Kwahiyo kwa muda mfupi intarapti iko hai na `k` imekufa. Hiki ni kipindi kidogo sana, unaweza kupakia na kuondoa mara elfu isitokee, alafu itokee kwa mwalimu siku ya kupresenti.

Na kama kifaa kimechomolewa kweli, siyo rmmod (kuondoa draiva) tu, yale maombi yaliyokuwa njiani hayatajibiwa na mtu, kwahiyo `del_gendisk` itasubiri hadi kiama. Inabidi wewe uyamalize kwa kosa: weka alama kwa `blk_mark_disk_dead`, pitia yaliyobaki kwa `blk_mq_tagset_busy_iter`, ndo ufunge.

## Dalili: data inabadilika kimya kimya

Hii ndo ya kuogopa. Hamna kelele kwenye logi, hamna kuganda, kuna namba tu haifanani na ya jana. Ukiithibitisha, mashine hiyo itoke kwenye kazi siku hiyohiyo, na angalia bekapu zako tangu lini zinabeba uchafu.

Kabla ya draiva, jiulize kama ilitokea baada ya umeme kukatika. Kama ndiyo, inaweza kuwa diski ilisema "nimeandika" wakati bado iko kwenye kashe. Hiyo ni habari ya kashe na UPS, siyo resi.

Kama umeme haukukatika, ya kwanza kuichunguza ni taimauti kugongana na jibu. Ifuate sekunde kwa sekunde. Ombi lenye tagi (namba ya ombi) 7 limetumwa, diski imechelewa. Saa inaisha, handla ya taimauti inaingia CPU ya kwanza, inaamua ombi limekufa, inalimaliza kwa kosa, tagi 7 inarudi kwenye kapu. Papo hapo ombi jipya la kusoma kutoka kwa mtu mwingine linapewa tagi 7. Sasa diski, ambayo hakuna aliyeiambia iache, inamaliza ile amri ya zamani na kutuma intarapti: "tagi 7 tayari". Draiva inaamini, inamwambia yule mtu mpya data yako hii hapa, na kwenye bafa lake kuna takataka. Hakuna kosa lolote litakaloandikwa. Na mbaya zaidi, kama ile ya zamani ilikuwa ya kusoma, diski inamwaga data yake kwenye memori ambayo saivi ni ya mtu mwingine kabisa.

Loki peke yake haitibu hii. Sheria ni moja: usimalize ombi mpaka una uhakika kifaa hakitaligusa tena, yani umeifuta amri kwenye kifaa na kikakubali, au umeriseti kontrola nzima. Ndo maana draiva ya NVMe ya Linux ikishindwa kufuta amri inaenda kuriseti, watu wanalalamika ni kali sana, ila ina sababu. Pia inachukua biti 4 za juu kwenye namba ya amri ya biti 16 kama kihesabu cha kizazi, jibu la kizazi cha zamani likija linakataliwa na unaona "genctr mismatch" kwenye logi. Kwenye draiva yako unaweza kuiga hiyo, ila ijulikane hicho ni king'ora tu, kinakuambia mwizi kaingia, hakiizuii diski kumwaga data kwenye memori ya mtu.

Ya pili ni bendera zilizobanwa pamoja. Umeandika `unsigned busy:1; unsigned removed:1;` na kila moja ina loki yake, ukaona uko salama. Haziko salama, zote zinakaa kwenye neno moja la memori, kubadilisha moja ni kusoma neno zima na kuliandika upya, ndo yale ya makarani. Tumia `set_bit` na `test_and_set_bit` (siyo `__set_bit`, zile alama mbili za chini zinamaanisha haina ulinzi), au loki moja kwa zote.

Ya tatu inawapata wanaohamisha draiva kutoka PC kwenda kwenye Pi au bodi yoyote ya ARM. PC inapanga maandishi kwenye memori kwa ukali kiasi, inakusitiri. ARM haina huruma hiyo. Ukiangalia alama kwamba jibu limefika alafu ukasoma sehemu nyingine za jibu hilo, ARM inaweza kukuletea sehemu za zamani, kwahiyo katikati weka `dma_rmb()`, kizuizi cha kupanga usomaji. Upande wa kutuma, andika amri kwenye memori alafu gonga kengele ya kifaa kwa `writel`, ambayo inahakikisha amri imetangulia, ukiamua kujifanya fundi wa spidi ukatumia `writel_relaxed` basi weka kizuizi mwenyewe. Na bafa ukishalikabidhi kwa `dma_map_single`, usiliguse mpaka urudishiwe. Usiliweke bafa la DMA (memori ambayo kifaa kinaisoma na kuiandika chenyewe) ndani ya strukti jirani na vitu vingine unavyoviandika pia, kwenye ARM watagawana mstari mmoja wa kashe na mmoja atamfuta mwenzake. `CONFIG_DMA_API_DEBUG` inakamata baadhi ya haya.

Ya mwisho, na ngumu kuiona kwa macho, ni data ya kawaida tu iliyosahaulika bila loki. Hapo tumia KCSAN, msaka resi wa kerneli, iliingia kwenye kerneli 5.8 mwaka 2020, inaandika "data-race in" ikifuatiwa na fanksheni mbili zilizogongana. Itakupigia kelele nyingi, si zote ni za hatari, ila usizizibe zote kwa READ_ONCE na WRITE_ONCE ili ikae kimya. Hizo zinamzuia kompaila asicheze na usomaji, hazifanyi kazi ya loki.

## Dalili: inaanguka ukipakia draiva tu

Karibu kila mara umeita `request_irq` kabla hujamaliza kujaza strukti. Intarapti imekuja, handla imekuta pointa tupu. Jaza vyote, ondoa intarapti za zamani kwenye rejista, ndo uombe, na `add_disk` iwe ya mwisho kabisa maana ikishaitwa tu maombi yanaanza kumiminika. Kama laini ya intarapti inashirikiwa, washa `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`, inakutupia intarapti ya uongo kukupima, ila siku hizi ni kabla tu handla haijaondolewa, siyo wakati wa kupakia.

## Dalili: ukiweka printk linapotea

Hongera, hiyo sasa inanuka resi kweli. printk ni nzito, imebadilisha muda wa kila kitu. Usiiache humo ukasema imepona, na usiibadilishe na msleep au udelay ukasema ni dawa, msleep haizuii watu wawili kukutana mlangoni, inabadilisha tu saa ya kukutana. Tumia `trace_printk`, inaandika kwenye bafa la ftrace (kinasa matukio cha kerneli) haraka, ukasome baadae. Tena fanya kinyume, chelewesha makusudi palepale unaposhuku, katikati ya kusoma na kuandika. Kama kosa lililokuwa la mara moja kwa wiki sasa linakuja kila dakika, umeshaupata mlango.

Alafu kaa chini uandike kwa maneno ya kawaida: data ni ipi, njia mbili ni zipi, sheria ya kuilinda ni ipi. Ukishindwa kuandika sheria kwa sentensi moja, pachi yako ni ya kubahatisha.

## Kwa wa Windows, kwa kifupi

Event ID 129, "Reset to device", ni ndugu wa ile taimauti ya juu, anza na kebo, umeme na femwea vilevile. Skrini ya bluu ya 0xD1 au 0x9F inayotaja faili la .sys la draiva ya diski, kwanza rudisha draiva iliyotangulia. Ukiwa ndo mwandishi wa draiva, washa Driver Verifier kwa draiva yako peke yake, ila siyo kwenye mashine ya mteja, kazi yake ni kuiangusha kompyuta kwa makusudi ikiona kosa na inaweza kugoma kuwaka. Ikitokea hivyo, ingia safe mode, `verifier /reset`. Wanaoandika njia ya kufuta IRP (ombi la kusoma au kuandika la Windows) waangalie `IoSetCancelRoutine` inarudisha nini: ikirudisha NULL kuna mwingine tayari amelichukua lile ombi, usilimalize.

## Kupima kama imepona

Kutokuonekana si kupona. Rudisha ule ucheleweshaji wa makusudi, kosa lisitokee hata nao ukiwepo. Fanya majaribio ndani ya QEMU (kompyuta ya bandia), inakupa diski ya NVMe ya bandia, na ukitaka kuichomoa unaandika `device_del` hata ukiwa umekaa unasubiri kivuko. Piga fio (kipima diski) juu yake:

```
fio --name=kagua --filename=/dev/nvme0n1 --rw=randwrite --bs=4k \
    --iodepth=32 --ioengine=libaio --direct=1 --verify=crc32c
```

Amri hiyo inafuta kila kitu kwenye diski hiyo. Soma jina la diski mara mbili, na kumbuka tulichosema juu kuhusu majina kubadilika. Huku fio inaendelea, zima na washa CPU moja moja kwa `/sys/devices/system/cpu/cpu1/online`, fanya unbind na bind (kuitenga draiva na kifaa na kuirudisha) kwa mzunguko, na ukiwa umewasha `CONFIG_FAIL_IO_TIMEOUT` lazimisha taimauti za bandia. KASAN na lockdep ziwe zimewashwa muda wote, KCSAN kwenye kerneli nyingine peke yake maana haikai na KASAN.

Na kama draiva siyo yako, ukishafika kwenye KASAN au lockdep imesema jina la fanksheni, usianze kushona pachi ya kienyeji kwenye mashine ya uzalishaji. Endesha `scripts/get_maintainer.pl` juu ya faili husika upate wenye nalo, uwatumie toleo la kerneli, ripoti nzima bila kuikata (wengi wanatuma mistari mitano ya mwisho, ambayo haina maana kwa mtu yeyote), mfano wa kifaa na femwea yake, na hatua za kulirudia kosa. Wakati unasubiri majibu, rudisha mashine kwenye kerneli ambayo ilikuwa haina shida.